Upepo wa Saa Saba

Mawimbi ya Mombasa hutufikia yakiwa yameshazeeka. Kaa Nyali au Shanzu saa ya maji kujaa, msimu wa kusi, utazame nje kwenye mwamba wa matumbawe: huoni mwanzo wa kitu. Unaona mgongo wa maji uliotoka kusini ya mbali ya Bahari ya Hindi, ukasafiri siku kadhaa, ukafika mwambani, ukainuka, ukaanguka. Tunachokiona sisi ni kifo chake. Nimekichora kifo hicho miaka mingi, nikawauzia wenye mahoteli na wapita njia wa Mji wa Kale, na kila picha iliniachia kero moja. Maji yangu yalikuwa na povu, yalikuwa na kivuli, yalikuwa na kile kijani ambacho jua hukitoa likipenya ukingo mwembamba wa wimbi kabla halijapinduka. Ila yalikuwa yamesimama. Hayakuwa yametoka popote.

Shemeji yangu ni dereva wa lori. Hupakia mizigo bandarini Kilindini na kuifikisha Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo. Siku moja tukinywa kahawa akaniambia, "Shemeji, kule kuna ziwa linachafuka mchana, usiku linalala. Halina kujaa wala kupwa. Upepo ukija, wimbi linakuja. Upepo ukiondoka, nalo linakwenda zake." Ziwa hilo ni Albert: urefu wake kama kilomita 160, upana 30 na ushei. Nikapiga hesabu ya mchoraji. Mahali penye upana huo, wimbi haliwezi kunificha ujana wake. Likizaliwa, litazaliwa nikiliona.

Lori halichukui abiria, kwa hiyo nilipanda mabasi. Kutoka Kampala njia inakwenda kaskazini hadi Karuma, kisha inapinda magharibi na kuvuka daraja la Pakwach. Hapo Mto Nile unapita ukiwa umetoka ziwani si mbali, basi nilikutana na maji ya Ziwa Albert kabla sijaliona ziwa lenyewe. Yalikuwa tambarare, ya kijani kizito, yamebeba visiwa vidogo vya magugu. Baada ya Nebbi ni mpaka wa Goli, ng'ambo yake Mahagi, na kutoka Mahagi barabara ya udongo mwekundu inashuka kusini hadi Bunia. Njia hiyo ina historia ya vita na vizuizi, na Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Msafiri mwenye akili huuliza habari za njia kwanza, ndipo akatafuta kiti.

Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa pwani hulijua hilo jioni ya kwanza anapotafuta sweta. Nilifikia mtaa wa Lumumba, kwa rafiki wa shemeji. Kuta za matofali ya kuchoma, mabati, pikipiki zisizokoma, wabadilishaji fedha wenye matita ya faranga pembeni mwa dola, wauzaji wa vocha za simu chini ya miavuli. Kilichonisimamisha mimi ni maandishi na picha za kutani. Saluni, duka la dawa, fundi redio, mgahawa: wengi bado wanaitangaza kazi yao kwa mkono wa mchoraji, kwa rangi ya mafuta inayonunuliwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Na kwenye ukuta wa kinyozi mmoja, katika mji usio na bahari kwa zaidi ya kilomita 1,000, lilikuwepo wimbi.

Nililitambua mara moja, na yeyote aliyepita shule ya sanaa angelitambua. Lilikuwa wimbi la Hokusai, Mjapani aliyelichora mnamo 1831 akiwa na umri wa miaka 70 hivi: kucha za povu, mashua zilizoinama, mlima mdogo kwa mbali. Lakini mashua zilikuwa na injini za Yamaha nyuma. Ndani ya tumbo la wimbi alikaa mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, saa mkononi na kioo usoni pake. Na mlima ule wenye theluji haukuwa tena Fuji.

"Ni Ruwenzori," alinieleza mwenye kazi yake nilipompata. Mtaani kila mtu alimwita Artisti, wakubwa kwa watoto, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

"Wimbi lenyewe ulilipata wapi?"

"Ku tisheti. Kijana mumoja wa moto alikuwa anavaa. Nikamwambia simama kidogo, nikachora ku karatasi."

Hokusai mwenyewe asingekuwa na neno, nadhani. Picha yake haikuwa kitu cha kuning'inizwa peke yake kwenye jumba la sanaa. Ilichongwa kwenye mbao, ikapigwa chapa kwa nakala nyingi na kuuzwa kwa bei nafuu. Buluu yake nayo ilikuwa ngeni: rangi ya dukani iliyotengenezwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700, ikafika Japani na wafanyabiashara. Kitu kilichozaliwa kwa biashara kimefika Bunia kwa mitumba. Hakuna aliyeibiwa.

Nilimuuliza Artisti kama amewahi kuiona bahari.

"Hapana, kaka. Minaonaka ku televizyo tu."

"Na ziwa?"

"Ziwa najua. Mama yangu ni wa Kasenyi." Akacheka. "Lakini nani atalipa pesa achorewe ziwa?"

Jibu hilo lilinifurahisha kidogo na kunisumbua sana, maana mimi nimeishi kwa kuwauzia watu bahari. Ila wanunuzi wangu hawakai ufukweni. Wanaitia kwenye sanduku na kuondoka nayo. Mvuvi wa kwetu hajawahi kununua wimbi kwangu, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nyumbani kwa Artisti picha zilisimama zimeegemea ukuta, na nyingi zilikuwa ndugu wa picha zile ambazo Wakongo walianza kuzitundika sebuleni tangu miaka ya 1960 na 1970. Kulikuwa na Colonie Belge, askari akimchapa mfungwa chini ya bendera ya Ubelgiji. Kulikuwa na mamba muntu wawili. Kulikuwa na Inakale: mtu yuko juu ya mti ulioinamia mto, simba anamngoja chini, nyoka anamshukia tawini, na mtoni mamba amepanua kinywa. Nilizitazama kwa jicho la mtu wa maji. Katika zote, maji yalikuwa utepe wa buluu wa kumwekea mamba mahali pa kukaa. Hayakuwa na upepo juu yake. Wala sisemi kwa dharau. Mchoraji wa Inakale anataka ujue kwamba jamaa hana pa kwenda, na utepe wa buluu unatosha kabisa kwa habari hiyo.

Katikati ya chumba ilikuwapo picha ambayo haijakwisha, na hiyo ndiyo iliyotupeleka ziwani pamoja. Mteja mmoja alikuwa ameagiza Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Picha za Lumumba hazikosi soko katika mtaa wenye jina lake, lakini huyu hakutaka ile ya miwani na tai, wala ile ya mikono iliyofungwa nyuma ambayo Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi aliichora tena na tena. Alitaka Lumumba wa mto Sankuru. Habari yenyewe inajulikana. Mwishoni mwa Novemba 1960 Lumumba alitoroka kizuizini Léopoldville, akielekea Stanleyville kwa wafuasi wake. Usiku wa Desemba mosi alifika Lodi, kwenye kivuko cha Sankuru, akavuka kwa mtumbwi na wenzake wachache. Mkewe Pauline na mwanawe mdogo Roland walibaki ng'ambo wakingoja mtumbwi urudi. Askari wa Mobutu wakawakuta. Kama inavyosimuliwa, yeye alikuwa ameshavuka, alikuwa salama, akarudi. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga.

Artisti alikuwa amemaliza mtu, mtumbwi, miti na askari. Nafasi ya mto ilikuwa bado nyeupe.

"Nilipaka buluu, nikafuta. Nikatia mawimbi, nikafuta. Ilikuwa Sankuru, lakini ilionekana ku televizyo." Akanitazama. "Wewe ni mutu wa maji. Mto ya usiku inachorwa namna gani?"

Sikuwa na jibu, maana ninayoyajua ni maji ya chumvi. Nikamwambia mimi nashuka Tchomia, kando ya ziwa, kutazama wimbi linavyoanza, na kama ana nafasi twende wote.

Tuliondoka Bunia na pikipiki mbili alfajiri, baridi ikiuma vidole. Barabara inakwenda mashariki hadi Bogoro, kijiji kilicho juu ya vilima mwanzo wa ukingo wa bonde. Tarehe 24 Februari 2003 wanamgambo walikivamia Bogoro na kuua watu zaidi ya 200, wengi wao raia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga, mmoja wa viongozi wa wanamgambo, kwa sehemu yake mwaka 2014 na kumfunga miaka 12. Dereva wangu, aliyekuwa akipiga mluzi tangu mjini, aliacha kupiga mluzi. Watu walikuwa wakienda shambani na majembe, mtoto akichunga mbuzi watatu. Hatukusimama.

Kisha ardhi inakatika. Barabara inajipinda na kushuka, na chini kabisa linatandaa Ziwa Albert, mita zaidi ya 600 chini ya mji tuliouacha. Siku ile halikuwa na rangi. Lilikuwa mwanga tu, na juu yake, mbali sana, ukuta wa Uganda kama ukungu.

Kwenye ukingo huu huu wa bonde, tarehe 13 Desemba 1887, walisimama watu wa kwetu. Stanley ndiye aliyeandikwa vitabuni, akimtafuta gavana Emin Pasha, lakini waliomfikisha walikuwa wapagazi wa Kiswahili. Watu zaidi ya 600 waliandikishwa Unguja, wakapakiwa melini mwezi Februari mwaka ule, wakazungushwa rasi ya kusini mwa Afrika hadi mdomo wa Mto Kongo, kisha wakaupanda mto na kuingia msitu wa Ituri kwa miguu. Wengi walizikwa humo kwa njaa, kwa homa, kwa mishale. Na wao nao hawakupita vijijini kwa upole. Wale waliotoka hai walikuwa watoto wa kusi na kaskazi ambao kwa miezi hawakuwa wameona mbingu nzima, sembuse upeo wa maji. Natamani mmoja wao angekuwa na kalamu ya kuchora.

Chini joto lilitupokea vilivyo. Sweta likavuliwa, na hewa ikaanza kunuka samaki kabla hatujafika kwenye samaki wenyewe. Tulipita Kasenyi, Artisti akasalimia wajomba, tukafika Tchomia mitumbwi ikiwa inarudi. Palikuwa na nyavu, kelele, kina mama waliokunja vitenge wakiingia majini hadi magotini kugombea bei. Samaki mkubwa wanamwita kapitaine. Ndiye sangara wetu. Wakenya tunaomla kwa jina la Ziwa Viktoria tukumbuke kwamba wazazi wake walichukuliwa kutoka ziwa hili la Albert, wakatiwa kule miaka ya 1950.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala kama alivyosema shemeji. Nilitega ubao wangu chini ya mti, mbali na gati na mbali na askari wa majini, baada ya kujitambulisha na kuonyesha karatasi zangu. Askari mmoja kijana alikuja kutazama nilichochora. Hakukuwa na kitu bado, rangi ya chini tu, kijivu na kijani. Akasema, "Papa, hapa hakuna hata mutu mumoja." Nikamwambia nangoja upepo. Akatikisa kichwa, akakaa kivulini karibu nasi, nadhani ili asikose kuona mtu mzima akingoja upepo.

Samuel Baker, Mwingereza aliyelifikia ziwa hili kutoka upande wa Bunyoro tarehe 14 Machi 1864 na kulipa jina la mume wa malkia wake, alisafiri juu yake kwa mtumbwi yeye na mkewe Florence. Ameandika jinsi maji yalivyokuwa yakichafuka mchana, baada ya saa saba, na jinsi dhoruba ilivyokaribia kuwamaliza. Saa saba hiyo haina uganga. Jua likipanda, nchi kavu huchemka upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapaa, na hewa ya ziwani inakimbilia kujaza nafasi yake. Kwenye ziwa lililokaa shimoni kati ya kuta mbili, nchi inachemka pande zote, na upepo unatoka katikati kwenda huku na huku. Wavuvi wa Baker walikuwa ng'ambo na wavuvi wa Tchomia wako huku. Wote hupigwa na upepo utokao majini. Usiku mambo hugeuka, na hewa baridi ya milimani hushuka kuelekea ziwani. Kwetu nahodha hungoja umande kama huo atoke nao alfajiri.

Ulipokuja, haukuja na wimbi. Kwanza maji yaliingia doa. Mbali kidogo, kwenye kioo kile, palitokea kiraka cheusi, kikatambaa, kikapotea. Kikatokea kingine. Sikuwa nimewahi kuona hivyo baharini kwa kuwa baharini siku zote chini ya vidoa hivyo kuna mgongo mkubwa wa zamani unaopita na kuvimeza. Hapa hapakuwa na kitu chini. Viraka vikaungana. Ngozi ya maji ikajikunja vikunjo vidogo vya upana wa kidole, vikipishana kwa mshazari, hata uso wote ukawa wa vijipembe vinavyometameta. Ukitaka kuchora saa ya kuzaliwa kwa wimbi, ni hivyo vijipembe, na mimi nilivichora nikatapatapa kwa kuwa kila nikiinua macho vilikuwa vimekua.

Maana upepo ukishapata mikunjo, una pa kushika. Unausukuma mgongo wa kila kijiwimbi, unaunyonya upande wake wa mbele, unaupa nguvu, na vile vilivyo virefu kidogo vinawapita wenzao na kuwameza. Mambo matatu tu yanapanga ukubwa wake: upepo una kasi gani, umevuma muda gani, na umepata nafasi gani ya kukimbia. Wimbi la Mombasa limepewa maelfu ya kilomita na siku kadhaa. Kati ya mgongo na mgongo unaweza kuhesabu sekunde kumi, na huko kwenye kina kirefu umbali kati yao unazidi mita 150. La Tchomia halipati hata kilomita 30. Nilihesabu: sekunde tatu, nne. Mita kumi na tano, labda ishirini na tano, kati ya moja na jingine. Kwa hiyo ni fupi, limesimama wima, halina adabu. Linakuja kabla hujamaliza kulitazama la mbele yake, na halikupi lile tumbo pana la kung'aa ambalo mchoraji wa bahari hulipaka kwa raha zake zote.

Rangi nayo si ya kadi za salamu. Ni kijani cha supu ya mboga karibu na mbele, kisha kahawia pale tope la Mto Semliki linapotandaa kutoka kusini. Nilikuwa nimebeba aina tatu za buluu. Zilirudi Bunia zimejaa.

Kufikia saa tisa mistari ilikuwa imejipanga, vichwa vinavunjika vyeupe kote, na ufukweni palikuwa na ngurumo. Upande huu wa kusini ziwa lina kina kidogo, hivyo mawimbi yanaanza kuanguka mbali. Wimbi linapofika mahali ambapo kina hakizidi sana kimo chake, miguu inakwama na kichwa kinaendelea. Hilo nililijua. Nilichokuwa sijakiona ni urefu wa safari nzima: kilichokuwa doa saa saba, saa tisa kinabomoka miguuni pangu. Niliacha kupaka. Nikaanza kuandika pembeni mwa karatasi alama za saa na mishale ya upepo.

Muda wote huo Artisti hakuwa amefungua mkebe wake. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akitazama kipande cha boya kilichokuwa kikielea. Akaniita.

"Kaka, angalia ile plastiki. Wimbi inapita, yenyewe inabaki."

Ilikuwa kweli. Kilipanda, kikasogea mbele kidogo, kikashuka, kikarudi karibu palepale. Maji ya kina hayasafiri na wimbi. Yanazunguka mahali pake na kusalimisha mtikiso kwa jirani, kama kamba ya nanga ukiipiga mkono: mpindo unafika mwisho, kamba umeishika wewe.

"Basi maji haitembei," akasema taratibu. "Mupepo njo inatembea. Maji inaonyesha tu."

Nimesoma habari hizo, zimo katika vitabu vya shule. Ivan Aivazovsky, Mrusi aliyechora bahari maelfu ya mara, yeye alikataa kabisa kusimama ufukweni na brashi. Alitazama, akaenda ndani, akachora kwa kumbukumbu, maana aliamini mwendo wa maji haukubali kukaa uchorwe. Wimbi lake la Tisa la mwaka 1850 halikutokea mbele ya macho ya mtu, na watu bado wanalipangia foleni huko Saint Petersburg. Niliwahi kumwona mvivu. Pale chini ya mti, karatasi zangu zikiwa zimejaa mishale kuliko rangi, nilimpa haki yake.

Mama mmoja muuza samaki alikuwa akipita na kurudi nyuma yetu, na mwishowe akasimama. Alikuwa mtu mzima, beseni kichwani.

"Munachora nini, bapapa?"

"Mawimbi, mama," nikasema.

"Mawimbi." Akatazama karatasi, akatazama ziwa. "Hii njo ilikula mutoto ya dada yangu, na mashua yote. Munataka kuipeleka wapi?"

Artisti aliinuka akamwambia pole, kwa Kihema, wakazungumza kwa muda. Ziwa hili lina sifa hiyo pande zote mbili: mashua zilizojaa kupita kiasi, abiria bila jaketi za kuokolea, dhoruba inayoshuka kutoka kwenye ukuta wa bonde bila kubisha. Wapo waliolivuka usiku kwa maelfu mwanzoni mwa 2018 wakikimbilia Uganda kutoka vurugu za Djugu, na si wote waliofika. Mama alipoondoka sikuweza kuendelea, si kwa huzuni tu. Nilikuwa nimelitazama wimbi siku nzima kana kwamba halina mashua juu yake. Askari kijana alikuwa amelisema hilo asubuhi, kwa namna yake.

Tulilala Kasenyi kwa wajomba, tukala kapitaine na sombe, na usiku upepo wa mlimani ukashuka kuelekea majini jinsi ulivyotakiwa. Kabla ya mapambazuko Artisti aliniamsha twende tuone. Giza, ziwa tambarare tena. Mtumbwi mmoja ulikuwa ukitoka, watu wawili na taa. Nyuma yake maji yalifungua pembe mbili ndefu, zikapanuka taratibu mpaka zikatufikia na kupiga mchanga, moja kisha nyingine. Hakukuwa na wimbi jingine popote. Mtu angeweza kuutoa mtumbwi kwenye picha na bado angejua umetoka wapi na unakwenda wapi.

Artisti hakusema kitu. Alitoa kalamu ya risasi na kupiga mistari miwili kwenye pakiti ya biskuti.

Huko Bunia alifanya kazi kwa siku kadhaa, na mimi nilikuwa msaidizi wa kusafisha brashi. Sankuru yake alipaka karibu nyeusi, kijani kidogo ndani, bila hata kichwa kimoja cheupe. Mtoni usiku hapana upepo, aliamua. Chochote kinachotikisika kimetikiswa na mtumbwi. Akachora zile pembe mbili, nyembamba, rangi ya jivu. Ncha yao ikaelekea ukingo wenye mwanamke, mtoto na askari. Ukingo mwingine, ule wa usalama, ukabaki mgongoni mwa Lumumba, na mkia wa maji ukimrudisha mtazamaji kule alikotoka.

Mteja alikuja jioni na mwanawe. Alikaa mbele ya picha, akaivuta karibu na dirisha, akairudisha nyuma.

"Anarudi," akasema mtoto.

"Anarudi," akasema Artisti.

Baba yake alinyamaza kwa kitambo, kisha akauliza mbona maji yenyewe ni kidogo hivi, hayana mawimbi, na tulipatana picha ya mto. Alitaka kupunguza bei. Artisti akamwambia maji kidogo ni ghali zaidi, yamemgharimu pikipiki mbili kwenda na kurudi Tchomia. Nilipowaacha walikuwa wamefika dola 60, na bado fremu.